Hatari Iko Mikononi
(Maneno yaliyosemwa na ndugu wa genge la njia katika mkutano wa tawi)



Mimi si daktari, kazi yangu ni nyundo na mataruma. Lakini nina neno.

Baada ya mvua kubwa tuliletewa kambini kondoo aliyekufa, kwa bei rahisi. Nilishika kisu nimchune, na kidole changu kilikuwa na jeraha. Mzee mmoja wa genge akauliza, "Wenzake zizini wako hali gani?" Muuzaji akasema majike wanatupa mimba. Mzee akanipokonya kisu, akaamuru mzoga uzikwe. Tulimnung'unikia sana kwa ajili ya pesa zetu.

Baadaye nilimwuliza daktari wa mifugo, ndipo nikaelewa. Iko Homa ya Bonde la Ufa. Ilitambuliwa mwaka 1931 kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, hapo reli yetu inapopita. Huletwa na virusi. Mayai ya mbu hukaa miaka katika udongo mkavu, virusi vimo ndani. Mafuriko yakija mbu huanguliwa, wakauma mifugo. Mwaka 2006 kuingia 2007 ilizuka upande wa Garissa ikaenea, na katika Kenya watu zaidi ya 150 walikufa.

Mbu aweza kumwambukiza mtu, lakini wengi huipata kwa kushika damu na matumbo ya mnyama mgonjwa. Basi hatari haimngoji mlaji mezani. Humwanza yule anayechinja, anayechuna na anayezalisha. Wengi hupata homa na maumivu ya viungo, kisha hupona. Wachache huharibika macho au ubongo, au hutokwa damu wakafa. Haijaonekana kupita kutoka mtu kwa mtu, kwa hiyo msimkimbie mwenzenu mgonjwa.

Ndugu zangu, nawaomba haya. Tusinunue kibudu. Tule nyama iliyopimwa na kupikwa sana, na maziwa yachemshwe. Wenye mifugo nyumbani wachanje mapema, kabla ugonjwa haujaingia. Tulale ndani ya chandarua. Na ukishikwa na homa, mwambie daktari kwamba ulishika mnyama, maana asipojua atadhani ni malaria tu.

Yule mzee tulimlaumu kwa shilingi chache. Leo namshukuru mbele yenu.