Kupanga Ngazi ya Mwanafunzi wa Kiarabu Chuo Kikuu: Umahiri Kabla ya Miaka ya Masomo

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayejiunga na chuo kikuu akiwa amekwishasoma Kiarabu hupangiwa darasa kabla au mwanzoni mwa muhula. Katika vyuo vikuu vya Marekani kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na idara inayofundisha lugha yenyewe. College Board, ambayo mitihani yake ya AP humpa mwanafunzi wa sekondari nafasi ya kuruka kozi za mwanzo, hutahini Kihispania, Kifaransa na Kichina, lakini haina mtihani wa Kiarabu. Hivyo idara hupokea vyeti visivyolingana: kimoja cha sekondari, kingine cha madrasa, kingine cha kozi ya kiangazi.

Kosa la upangaji ni ghali. Taasisi ya mafunzo ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria kuwa msemaji wa Kiingereza huhitaji takriban saa 2,200 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kiarabu. Kozi ya saa 5 kwa juma, kwa majuma 30 ya mwaka, hutoa saa 150 tu. Anayerudia aliyokwisha kuyajua hupoteza sehemu kubwa ya muda huo mchache, na anayerushwa juu ya uwezo wake huishia kuacha somo.

2. Aina za ujuzi wa awali

Mwaka 1959 mwanaisimu Charles Ferguson alikitumia Kiarabu kuwa mfano mmojawapo wa jamii zenye aina mbili za lugha moja, za daraja tofauti: Kiarabu sanifu cha maandishi na hotuba, na lahaja za nyumbani na sokoni. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa awali mara nyingi huwa wa upande mmoja. Makundi matatu hujitokeza.

Kundi la kwanza ni watoto wa familia za Waarabu waliokulia ughaibuni. Husikia na kusema lahaja ya Misri, Sham, Yemen au kwingineko bila taabu, lakini baadhi yao hawajui hata herufi.

Kundi la pili ni waliosoma madrasa, wakiwamo wanafunzi wa asili ya Afrika Mashariki. Aliyehitimu Juzuu Amma, juzuu ya mwisho ya Kurani, huzitambua herufi zote 28, huzitamka kutoka mahali pake, na huzingatia shada na tanwini. Hata hivyo, usomaji wake umeegemea maandishi yaliyotiwa irabu. Gazeti, ambalo huchapwa bila irabu, humkwamisha, na huenda hajawahi kutunga sentensi yake mwenyewe. Aliyeendelea hadi nahau, yaani sarufi, na kusoma kitabu chake cha Ajurrumiya anaweza kueleza kwa nini neno limewekewa dhuma badala ya fataha, ilhali hawezi kuuliza njia ya kwenda kituo cha basi.

Kundi la tatu ni waliosoma darasani, sekondari au katika chuo kingine. Hao wana stadi zote kwa kiasi, lakini kiwango chao hutegemea kitabu. Mfululizo wa Al-Kitaab, ulioanza kuchapishwa na Georgetown University Press mwaka 1995 na kutumiwa sana Marekani, huchelewesha irabu za mwisho wa neno, na katika toleo lake la tatu hufundisha lahaja za Misri na Sham sambamba na Kiarabu sanifu. Vitabu vya Madina vya V. Abdur Rahim huanza na irabu hizo tangu masomo ya mwanzo na havigusi lahaja. Wanafunzi wawili waliosoma mwaka mmoja, mmoja kwa Al-Kitaab na mwingine kwa vitabu vya Madina, hawako mahali pamoja.

3. Upimaji

Kutokana na tofauti hizo, mtihani wa kuchagua majibu peke yake hautoshi. Upimaji kamili una kusoma matini isiyo na irabu, kusikiliza, kuandika insha fupi kwa mkono, na mahojiano ya mdomo. Matokeo huweza kulinganishwa na vipimo vinavyotambulika, kama vile ngazi za ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, au ngazi sita za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Dodoso la awali huuliza kitabu kilichotumika, sura iliyofikiwa, lugha ya nyumbani, na muda uliopita tangu masomo yakome.

4. Uamuzi alama zinapopishana

Ugumu huja pale stadi moja inapokuwa juu na nyingine chini. Wastani wa alama hupotosha, kwani mapengo hayana uzito sawa. Herufi na hati hufundishika kwa majuma machache. Msamiati na muundo wa sentensi huhitaji mihula kadhaa. Kwa hiyo msemaji wa lahaja asiyejua kuandika hafai kuwekwa mwaka mzima na wanaoanza: apewe mafunzo mafupi ya hati, kisha apandishwe, au aingie mkondo maalumu chuo kikiwa nao. Msomaji mzuri wa madrasa asiye na msamiati wa mazungumzo hubaki kozi ya mwaka wa kwanza, ila anaweza kujiunga baada ya majuma ya herufi kumalizika.

5. Mapendekezo

Kwanza, idara zisipange ngazi kwa kuhesabu miaka iliyoandikwa kwenye cheti. Pili, kila stadi ipimwe peke yake, na pengo lipimwe kwa muda unaohitajika kuliziba. Tatu, uamuzi upitiwe upya katika majuma mawili ya mwanzo, wakati mwanafunzi bado anaruhusiwa kubadili kozi. Nne, mwanafunzi adurusu kabla ya mtihani na ajibu kwa uwezo wake wote. Anayejishusha makusudi ili apate alama rahisi hujinyima masomo ya juu ambayo huenda asiyafikie kabla ya kuhitimu.