KISU CHA MFUKONI: KAZI KWANZA, KISU BAADAYE

Mazungumzo yaliyotolewa kwenye kikundi cha wasomaji kijijini



Mmeniomba nizungumze juu ya kisu cha kukunja, kile ambacho mtu hutembea nacho mfukoni kila siku. Wengine mmecheka mliposikia. Mkasema, "Kisu nacho kina somo?" Kina somo, ndugu zangu. Tazameni mkono wangu huu wa kulia. Vidole hivi viwili havikunjiki tena. Sikuzaliwa hivyo. Vilikatwa na kisu changu mwenyewe.

Kisu hicho nilikinunua mnadani. Kiling'aa kama kioo. Muuzaji aliapa kwamba ni imara, nami nikaamini. Bei ilikuwa ndogo, nikaona nimepata bahati. Siku moja nilikuwa natoboa ukanda wa ngozi wa nira ya ng'ombe. Nikaisukuma ncha kwa nguvu. Bapa likajikunja ghafla, likarudi juu ya vidole vyangu. Kano zikakatika. Mwaka ule mke wangu alipalilia shamba lote peke yake, na mavuno yakawa haba.

Wazee walisema, "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama." Ni kweli. Lakini mimi nilikuwa na kisu kikali, na nyama kilichokula ilikuwa yangu. Kwa hiyo ukali peke yake hautoshi. Leo nitawaeleza mambo ya kutazama kabla hujatoa fedha yako.

ANDIKA KAZI ZAKO

Jambo la kwanza halipo sokoni. Lipo nyumbani, kwenye daftari lako. Sasa tunajua kuandika, basi tuutumie ujuzi huo. Andika kazi zote ambazo kisu chako kitafanya kwa wiki moja. Kukata kamba ya mbuzi. Kufungua gunia. Kumenya embe. Kukata nyuzi za nyavu. Kuchonga kijiti. Andika zote.

Msione hili ni jambo dogo. Jeshi la Uswisi lilifanya hivyo hivyo. Katika miaka ya 1890 na 1891 lilitaka kisu cha kukunja kwa ajili ya askari wake. Halikuuliza kwanza kisu gani kinapendeza. Liliuliza askari ana kazi gani. Jibu likawa: anakula, anafungua chakula cha kopo, na anafungua bunduki yake ili aisafishe. Basi kisu kile kikawa na bapa la kukatia, kifungua kopo, bisibisi na kitu cha kutobolea. Mwaka 1891 fundi mmoja wa huko, Karl Elsener, alianza kulipelekea jeshi visu vya namna hiyo. Kazi ndiyo iliyochagua kisu.

Wewe je, unafungua makopo mangapi kwa mwezi? Kama hufungui hata moja, usilipie kifungua kopo. Kisu chenye vyombo kumi mfukoni ni kizito, kinajaa uchafu, na mara nyingi unatumia chombo kimoja tu.

Tena nawaambieni ukweli. Ukiona kazi zako nyingi ni kuchinja, kuchuna ngozi na kukata matawi, huhitaji kisu cha kukunja. Nenda kwa mhunzi, akufulie kisu cha kawaida chenye ala. Kisu kisichokunjwa hakiwezi kujikunja.

BAPA LINAZUIWA NA NINI?

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Ningelijua, vidole vyangu vingekuwa vizima. Kisu cha kukunja kikiwa wazi, kuna kitu kinachozuia bapa lisirudi. Muulize muuzaji: ni kitu gani? Asipojua, kitazame mwenyewe.

Kwanza, kuna visu vyenye springi tu. Springi hiyo inalibana bapa lisilegee, lakini hailifungi. Ukilisukuma kwa nguvu, linajikunja. Kisu cha namna hii si kibaya. Kinafaa kumenya tunda na kukata kamba. Lakini usikitumie kutobolea kitu kigumu kwa ncha, hata siku moja. Changu kilikuwa cha aina hii, nami sikujua.

Pili, kuna visu vyenye pete shingoni. Ukisha kukifungua, unaizungusha pete, na bapa haliwezi kurudi. Visu vya Opinel vya Ufaransa viko hivyo. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890, na pete iliongezwa mwaka 1955. Mpini wake ni wa mti. Ukilowa maji huvimba, na kisu kinakuwa kigumu kufunguka. Mvuvi akumbuke hilo.

Tatu, kuna visu vyenye meno mgongoni. Ukikifungua unasikia ka-ka-ka. Kukifunga, unavuta kipete kwanza. Kisu cha Okapi ni cha namna hiyo, nacho kinajulikana katika nchi nyingi za Afrika. Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 katika mji wa Solingen, Ujerumani, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Wakati huo Tanganyika nayo ilikuwa chini yao. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa misitu ya Kongo mwenye miguu ya milia.

Nne, kuna visu vyenye kipande cha chuma ndani ya mpini. Kisu kikifunguka, kipande hicho kinasogea na kuegemea kitako cha bapa. Kukifunga, unakisukuma kando kwa kidole gumba. Kipande hicho kikiwa chembamba kama bati, kiogope.

UKUBWA

Wengi wetu tunapenda kisu kirefu. Tunaona ndiyo uanaume. Lakini kwa kazi za kila siku, bapa lenye urefu wa kama sentimita 7 mpaka 9 linatosha. Huna rula? Tumia vidole vinne vya mkono wako vikiwa vimebanana. Upana huo unakaribia kipimo hicho.

Mpini nao ujaze kiganja. Ukiushika, kidole cha mwisho kisibaki kinaelea hewani. Mpini uliopakwa rangi inayong'aa huteleza mkono ukiwa na maji au mafuta. Chagua usioteleza.

CHUMA: SOMA KILICHOANDIKWA

Visu vingi vina maneno yaliyogongwa kwenye bapa. Zamani tuliyaona kama michoro. Sasa tunayasoma. Neno INOX ni la Wafaransa, neno ROSTFREI ni la Wajerumani, na neno STAINLESS ni la Waingereza. Yote matatu yana maana moja: chuma hiki hakishiki kutu upesi. Sababu ni kwamba kimechanganywa na madini ya kromu. Lakini angalia: hakishiki upesi. Sikusema hakishiki kabisa.

Chuma kisicho na kromu nyingi hushika kutu haraka, na hugeuka cheusi ukikata embe au ndimu. Lakini wengi wanakipenda kwa sababu kinanoleka kwa urahisi, na hupata makali mazuri. Kwa hiyo chagua kwa kazi yako. Mvuvi na mtu wa pwani, afadhali kisichoshika kutu. Mkulima mwenye tabia ya kufuta kisu chake, chochote kinamfaa.

Muuzaji mwingine huchukua sumaku. Anakwambia, "Kikinaswa na sumaku, si kile kisichoshika kutu." Usibabaike. Chuma cha visu kisichoshika kutu nacho kwa kawaida hunaswa na sumaku.

Na neno Solingen je? Huo ni mji wa Ujerumani uliosifika kwa visu kwa karne nyingi. Tangu mwaka 1938 sheria ya nchi hiyo inalilinda jina hilo, lisigongwe kwenye visu visivyotengenezwa huko. Lakini mtu mwovu wa mbali anaweza kuligonga kwenye bati lolote. Kwa hiyo soma, halafu jaribu. Kusoma bila kujaribu ni kumwamini muuzaji mara ya pili.

JARIBU KABLA YA KULIPA

Haya, tuseme sasa uko sokoni. Fanya hivi.

1. Fungua na funga mara kumi. Kisiwe kigumu cha kukuvunja kucha, wala kilegevu cha kufunguka chenyewe.

2. Kikiwa wazi, shika bapa kwa upande wa mgongo, ulitikise kushoto na kulia. Likichezacheza kama jino bovu, rudisha.

3. Kifunge, ukitazame kwa juu. Bapa likae katikati ya mpini. Makali yasichungulie nje, maana yatatoboa mfuko, kisha paja.

4. Kama kina kizuizi, kifungue na ugonge mgongo wa bapa polepole kwenye ubao. Vidole viwe mbali na njia ya makali. Bapa likirudi, mshukuru Mungu kwamba umejua mapema, uondoke.

5. Tazama msumari unaoshika bapa na mpini. Usiwe na nyufa pembeni, wala usiwe umeanza kutoka.

Muuzaji akikukataza kujaribu, amekwisha kukujibu. Weka fedha yako mfukoni.

KUKITUNZA

Kisu butu ni hatari kuliko kikali. Kwa nini? Kwa sababu kinakulazimisha kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza, inakwenda mwilini. Kinoe kwenye kinoo au jiwe laini. Tia maji jiwe hilo. Inua mgongo wa bapa kidogo, kama nusu ya unene wa kidole chako cha mwisho. Sukuma taratibu upande mmoja, kisha mwingine, idadi iwe sawa. Usikinoe kwa haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi.

Baada ya kazi kioshe, kifute kikauke, halafu kifunge. Mara kwa mara tia tone la mafuta ya cherehani pale kinapokunjika. Uchafu ukijaa hapo, kizuizi hakishiki vizuri. Kisu kizuri huharibika kwa mchanga tu.

Tena kisu kilichokata kwato za mbuzi kisimenye chungwa la mtoto kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Na kisu cha mfukoni kamwe kisikate kitovu cha mtoto mchanga, wala kisitumike kwa tohara. Kazi hizo ni za wahudumu wa afya, na vyombo vyao vimesafishwa kwa njia inayoua vijidudu.

KUTEMBEA NACHO

Kisu ni chombo cha kazi. Kikitolewa kwenye ugomvi, kinageuka silaha. Sheria zetu zinakataza mtu kwenda na silaha mbele za watu kwa namna ya kuwatia hofu. Kwa hiyo kikae mfukoni, kimefungwa. Ukienda kilabuni kunywa pombe, kiache nyumbani. Ukienda mkutanoni kusuluhisha ugomvi, kiache nyumbani. Sisemi hivi kwa sababu nyinyi ni watu wabaya. Nasema kwa sababu hasira ni ya dakika moja, na kifungo ni cha miaka.

Ukimpa mtu kisu, kifunge kwanza. Ukikata, kata kuelekea mbali na mwili wako. Na usiku usikiache mahali ambapo mtoto anaweza kukifikia.

UKIJIKATA

Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, inua mkono juu, usiachie mpaka damu isimame. Damu ikikataa kusimama, endelea kubonyeza huku ukipelekwa zahanati. Ikisimama, osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na ugonjwa huo unaua. Nenda zahanati uulizie sindano ya kuzuia pepopunda.

Jambo la mwisho, nalo ni la muhimu. Jaribu kukunja kidole kilichokatwa. Kama hakikunjiki, kano imekatika. Usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja siku tisa kwa sababu damu ilikuwa imesimama, nikadhani nimepona. Daktari aliniambia, "Mzee, ungekuja siku ile ile, huenda vidole hivi vingekunjika."

Ndugu zangu, bei ya kisu si ile unayomlipa muuzaji peke yake. Mimi nililipa kidogo sokoni, na bado nalipa kila ninaposhika jembe. Hata kalamu naishika kwa shida. Katika darasa letu mwandiko wangu ulikuwa wa mwisho kwa uzuri, na mwalimu alijua sababu. Lakini niliandika. Na kisu nilichonacho sasa nilikichagua kwa daftari.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Andika kazi tano za kisu chako. Je, kisu ulichonacho kinazifaa?
2. Bapa la kisu chako linazuiwa na nini likiwa wazi?
3. Kwa nini kisu butu ni hatari kuliko kikali?
4. Jirani amekatwa kidole, damu imesimama, lakini kidole hakikunjiki. Utamshauri nini?