Sailensi Imepanda: Vitenzi vya Gereji na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili



Mji huu una mazoea ya kuyachukua maneno ya wageni na kuyafanya kuwa yake. Jina Kariakoo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Na magari yanayovuka kutoka Kivukoni kwenda Kigamboni hupanda pantoni. Katika foleni ya pantoni hiyo ndipo dereva husikia kile asichokisikia akiwa mwendoni: gari limesimama, mguu haugusi pedali ya mafuta, lakini injini inanguruma kama inayopanda mlima. Akifika kwa fundi huko Gerezani atasema, "Sailensi imepanda." Mada yangu ni kauli hiyo, na somo ambalo sisi waundaji wa istilahi tunaweza kulipata kwayo.

Tuanze na nomino. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya ukimya, na Waingereza wenyewe hawalitumii kwa hali hii. Wao hutumia neno la kukaa bila kazi. Wajerumani husema mwendo mtupu, na Wafaransa mwendo uliopunguzwa. Fundi wetu ameita kwa sikio: sailensi ni utulivu wa injini isiyobebeshwa mzigo. Hilo si kosa la tafsiri, bali ni maana mpya yenye mantiki yake. Katika injini nyingi ndogo za petroli, utulivu huo ni mizunguko 650 hadi 850 hivi kwa dakika injini ikishapata moto. Asubuhi, ikiwa baridi, hupita 1,000, na huo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inapopata moto na isishuke.

Enzi za kabureta, skrubu moja ilitosha kuishusha. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia mafuta kwa magari ya Volkswagen yaliyouzwa Marekani. Kufikia miaka ya 1990 mifumo ya aina hiyo ilikuwa imeenea katika magari madogo ya Kijapani, ambayo baadaye yalijaa katika barabara zetu. Humo kompyuta ndiyo inayopima na kuamua. Anayekimbilia skrubu ya kuzuia throto huificha dalili, na huenda akaivuruga sensa inayoieleza kompyuta throto iko wapi. Hapa nomino haitoshi. Sailensi hutaja dalili. Chanzo hutajwa na kitenzi.

Kitenzi cha kwanza ni kuvuta. Fundi husema, "Inavuta hewa." Nyuma ya throto, shinikizo ndani ya injini ni dogo kuliko la nje, kwa hiyo mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka huingiza hewa isiyopita mlangoni. Injini inayopima shinikizo hilo huongeza mafuta, na mizunguko hupanda. Inayopima hewa mlangoni haiihesabu hewa hiyo. Mafuta huwa haba, nayo hutetemeka. Fundi mzoefu huibana mipira mmoja mmoja kwa koleo: ngurumo ikishuka, amepata njia inayopitisha hewa hiyo. Sasa tazameni hatari ya tafsiri sisisi. Kiingereza huliita tatizo hili kwa neno la kuvuja. Tukisanifisha "uvujaji", tutamtuma kijana atafute kinachotoka, ilhali tatizo ni kinachoingia. Kitenzi cha Gerezani ni sahihi kuliko cha kitabuni.

Cha pili ni kukwama. Kebo iliyokazwa mno, au masizi yaliyoganda ukingoni mwa throto, huizuia isifunge. Vali inayoruhusu hewa ya sailensi nayo hukwama ikiwa wazi. Tiba ya kwanza ni kulegeza na kusafisha, kabla ya kununua.

Cha tatu ni kudanganyika. Sensa ya joto ikiharibika huiambia kompyuta kwamba injini ingali baridi, nayo hutii. Katika baadhi ya injini za zamani za Toyota, vali ya hewa hufungwa na nta inayopashwa joto na maji ya rejeta; maji yakipungua, au yakiwa na hewa ndani, nta haipati joto na vali haifungi. Hapo dawa ni kujaza maji na kutoa hewa.

Vitenzi vitatu, tiba tatu. Asiyevitenganisha hubadilisha spea kwa kubahatisha, na gharama humwangukia mwenye gari aliyekuja na nauli ya watoto mfukoni.

Mabibi na mabwana, hatukuanza jana. BAKITA iliundwa mwaka 1967. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya msingi ya kiufundi, na mwaka 1990 TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini jicho la mwanaistilahi limezoea kutafuta nomino ya Kiswahili kwa kila nomino ya Kiingereza, na maarifa ya gereji yamekaa katika vitenzi. Kijana anayejifunza kazi kwa Kiswahili hakosi lugha ya kufikiria. Anakosa kitabu kilichoandikwa kwa lugha anayoifikiria tayari.

Napendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wa isimu wapelekwe Gerezani, si kuwasahihisha mafundi, bali kuandika wanachosema wanapotafuta chanzo cha tatizo. Na kwamba maandishi hayo yasomwe na mafundi wenyewe kabla ya kufikishwa kwenye kamati yoyote ya usanifishaji. Istilahi itakayopita mtihani huo itakuwa imeshathibitishwa na injini iliyotulia.