Kioo cha Kompyuta Katika Ofisi ya Chama



Chama cha msingi kinaponunua kompyuta, bodi huuliza bei na nguvu ya mashine, lakini kioo chake huchukuliwa kuwa pambo tu. Hali hii haifai. Karani husoma kilo za mkulima katika kioo hicho, na mahali ambapo 8 hufanana na 3, kilo 380 zaweza kulipwa kama 330. Mkulima huyo atakuwa amepunjwa kilo 50, ijapokuwa mizani ilikuwa sahihi.

Ukubwa wa kioo hupimwa kwa inchi, toka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Kioo cha inchi 22 kina ulalo wa sentimita 56 hivi. Lakini ukubwa peke yake haumtoshi mnunuzi. Picha hufanyizwa na nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Kioo chenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo kina jumla ya nukta 2,073,600. Idadi hiyo hiyo ikitandazwa katika inchi 27, kila nukta huwa kubwa zaidi, na kingo za tarakimu huparuza. Kwa daftari la malipo, inchi 22 au 24 zenye nukta hizo zatosha. Tena kompyuta ipangwe itoe idadi ile ile ya nukta za kioo. Ikitoa pungufu, maandishi hupata ukungu.

Muuzaji atasifu kasi, kwamba kioo hujichora upya mara 144 kwa sekunde. Hiyo ni faida ya wacheza michezo ya kompyuta. Mara 60 zamtosha karani. Ulizeni aina ya paneli. Ile ya IPS husomeka vizuri hata ikitazamwa kutoka kando, ilhali ya TN hufifia na kubadili rangi. Jambo hili mimi nalithamini kuliko yote, kwani mkulima aliyesimama kando ya meza aweza kuhakiki kilo zake mwenyewe kabla risiti haijatolewa.

Uso wa kioo usiwe wa kung'aa, hasa penye dirisha mkabala. Angalieni pia matundu ya waya: kompyuta nyingi za zamani hutoa picha kwa VGA, njia iliyoanzishwa mwaka 1987, na nyingi za siku hizi kwa HDMI. Mbili hizo haziungani bila kifaa cha kugeuzia.

Hati ya ununuzi isitiwe sahihi kabla karani hajaketi mbele ya kioo chenyewe na kusoma ukurasa mzima wa daftari.