Neno "Sijui" Katika Kazi ya Ugenini

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Katibu wetu ameniomba nieleze kazi niliyokwenda kuifanya Marekani mwaka 2005, hasa majuma yale ya mwanzo. Nimekubali, lakini nitasema na ya aibu pia, maana ndiyo yenye faida kwenu.

Kazi yenyewe ilikuwa katika bustani kubwa ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom, karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili, 1998. Ukubwa wake unafika ekari 500 na zaidi, na ndani yake mna wanyama hai, michezo, maduka na mahali pa kula. Upande mmoja wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, kilichofuata sura ya miji ya pwani yetu, hasa Lamu. Kinaitwa Harambe, naam, ni harambee yetu iliyopungua e moja. Humo ndimo nilimowekwa, niwapokee wageni na kuwaeleza habari za kwetu. Viza yangu ilikuwa ya kubadilishana utamaduni, ambayo muda wake hauzidi miezi 15.

Nilifika mwezi wa Juni. Joto lilikuwa kama la Tanga wakati wa kaskazi, na karibu kila alasiri mvua ya radi ilishuka. Tulikaa vijana sita katika nyumba moja, wengine wametoka Botswana na Afrika Kusini. Kodi ilikatwa kabla mshahara haujatufikia, kwa hiyo hundi yangu ya kwanza niliigeuza pande zote mbili nikidhani nyingine imebaki ndani ya bahasha! Kilichotupatanisha ni ugali. Unga wa dukani ulikuwa wa manjano na haukushikamana vizuri, lakini kila mmoja wetu aliujua mwiko, ingawa kila mmoja aliuita jina lake. Tangu jioni hiyo sikulala tena nikihesabu siku za kurudi.

Wazee husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilikuwa darasa. Kampuni hiyo ina desturi ya kuwafunza wafanyakazi wake tangu mwaka 1955, ilipofungua bustani yake ya kwanza kule California. Lugha yao ni ya mchezo wa kuigiza. Mfanyakazi ni mmoja wa waigizaji, sare ni vazi la mchezo, mahali wanapopita wageni ni jukwaani, na penginepo ni nyuma ya jukwaa. Ukiwa jukwaani huli, huegemei ukuta, na karatasi ukiiona chini unaiokota, hata kama kazi yako si kufagia. Tulifundishwa mambo manne kwa mpango: usalama, adabu, maonyesho na ufanisi. Usalama ndio wa kwanza daima. Mengine yote huusubiri. Siku hizi wameongeza la tano, la kumfanya kila mtu ajione amekaribishwa.

Tulifundishwa pia kutomwelekeza mgeni njia kwa kidole kimoja, bali kwa vidole viwili au kiganja kizima. Nilicheka moyoni, maana bibi yangu alinipiga kofi kwa kosa hilo hilo nikiwa na miaka mitano. Na mtoto akikuuliza jambo, unachutama mpaka macho yenu yawe sawa.

Lakini funzo lililonishinda lilikuwa hili: mgeni usimwache na neno "sijui". Kama hujui, tafuta anayejua.

Baada ya darasa nilikabidhiwa kwa mkufunzi, mama mtu mzima, tukasimama pamoja kijijini siku kadhaa kabla sijaruhusiwa kusimama peke yangu. Beji yangu kifuani ilionyesha jina langu na mahali nilipotoka. Siku ya pili akaja mtoto wa kiume, umri wa miaka saba hivi, ametoka kuwatazama wanyama. Akaisoma beji. Akauliza, "Mbona faru mweupe si mweupe?"

Ndugu zangu, nilikuwa na cheti cha kidato cha sita. Nimezaliwa Moshi, na kutoka kwetu mpaka Ngorongoro ni safari ya siku moja. Faru nilikuwa sijamwona mpaka nilipofika Florida. Nikasema, "Sijui." Mtoto akaitazama tena beji yangu, kisha akanitazama mimi, akaenda zake.

Mkufunzi hakunigombeza. Alingoja tulipokuwa nyuma ya jukwaa akasema, "Kutojua si kosa. Kosa ni kumwacha aondoke nako."

Usiku ule sikulala. Nilijiona kama mtu aliyeajiriwa kuuza duka ambalo hajawahi kuingia. Kulipokucha nilinunua kadi ya simu nikampigia mwalimu wangu wa baiolojia, ambaye leo yuko pale safu ya mbele. Aliponisikiliza akajibu, "Hilo nililifundisha kidato cha pili, mwanangu. Siku hiyo ulisinzia."

Akanieleza upya. Faru wote wawili rangi yao ni ya kijivu. Tofauti iko mdomoni: mweupe ana mdomo mpana wa kukatia majani ya chini, na mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuchumia majani ya vichaka. Tangu hapo kila Jumapili nilipiga simu nyumbani na orodha ya maswali: umri wa mbuyu, nakshi za milango ya Lamu, maana ya methali. Baba aliniuliza kama nimekwenda Marekani kusomea Uswahili. Nikamjibu ndiyo.

Mwaka 2006 faru wawili weupe walisafirishwa kutoka bustani ile mpaka hifadhi ya Ziwa nchini Uganda, ambako faru wa porini walikuwa wamekwisha tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Mwaka 2009 jike aliyetoka Florida alizaa na dume aliyetoka Kenya. Mtoto wakamwita Obama.

Wadogo zangu, mkipata nafasi ya kwenda, nendeni. Jifunzeni kuokota karatasi bila kuona haya. Lakini kabla ya kwenda, ijueni nchi yenu, maana huko ndiyo mtakayoulizwa kwanza. Wala msisinzie kidato cha pili.