Ujumbe wa Simu Usiwe Fumbo

Ndugu wananchi wa Rungwe,

Leseni ya biashara sasa huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na ada hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Huduma imesogea hadi kiganjani. Hata hivyo, maneno yakiwa mazito, mwananchi wa Masoko hulazimika kupanda gari hadi Tukuyu kuuliza maana yake. Nauli hiyo ni gharama ya sentensi mbaya.

Chukueni mfano. Mfumo wowote ukijibu "Taarifa batili", mwombaji hajui alipokosea. Ukijibu "Namba ya NIDA ina tarakimu 20; umeandika 19. Hakiki, kisha andika upya", atajisahihisha akiwa dukani kwake.

Kwa hiyo, kila ujumbe ujibu maswali matatu: kumetokea nini, nifanye nini, na mwisho ni lini? Fumbo lina heshima yake katika ushairi. Katika leseni ya duka halina kazi.

Nanyi msione haya. Ujumbe usioeleweka mwonesheni mtendaji wa kata kama ulivyo, ila namba ya siri ibaki yenu. Kutouelewa si ujinga. Ni ushahidi kwamba unapaswa kuandikwa upya.