Sindano Tatu kwa Siku Moja



Tumeombwa kusema juu ya sindano za watoto. Mtoto wa majuma 14 huchomwa tatu kwa siku moja, moja paja la kushoto na mbili la kulia, tena hutiwa mdomoni matone ya kuzuia kupooza. Mama aonapo hayo husema, "Leo moja yatosha, zile nyingine nitazifuata." Hatumlaumu. Kilio cha usiku ni chake, na lawama za nyumbani ni zake pia.

Lakini atazifuata lini? Majani yakikauka huku ziwani, mifugo huhama na mama huhama nayo. Sindano iliyoahirishwa hubaki zahanati. Mwaka 2009 ugonjwa wa kupooza uliingia Turkana kutoka upande wa Sudan, na watoto wakalemaa.

Wengine huhofu kuwa mwili mdogo hautaweza dawa nyingi. Basi ile moja ya paja la kushoto peke yake huzuia magonjwa matano, miongoni mwake kifaduro, pepopunda na dondakoo, nayo imetumika Kenya kwa zaidi ya miaka 20. Homa kidogo huja, kisha hupita.

Kwa hiyo twawaomba akina baba wampe mama ruhusa ya zote kabla hajatoka nyumbani. Na aliyekosa asione haya kurudi: mtoto haanzi upya, huendelea pale alipoachia. Aje tu na kitabu chake cha kliniki.